Baba Asiyetaka Kukimbia

Asubuhi ya siku ya saba Timareti alikuwa uani, amechuchumaa, anampiga pweza juu ya jiwe. Pweza lazima apigwe mpaka alainike, hilo kila mtu Athene analijua, lakini yule wa siku ile alipigwa kupita haki yake. Timareti akiinua mkono anamfikiria mwanawe, mkono ukishuka pweza ndiye anayelipia. Watu wa ukoo walikuwa wameleta pweza na ngisi tangu jana, kama ilivyo desturi nyumba ikipata mtoto, na jibini ya kuchoma, na kabichi ya kutiwa mafuta. Mlangoni palining'inia fundo la sufu, kuwaambia wapita njia kwamba aliyezaliwa ni wa kike. Kila kitu kilikuwa tayari. Aliyekosekana ni baba wa mtoto.

"Ameenda wapi?" Aristila, mkwewe, aliuliza kutoka chumba cha ndani. Sauti yake bado ilikuwa ya mzazi, haina nguvu.

"Unaniuliza mimi? Ameenda kwa kinyozi."

"Kunyoa?"

"Angekuwa ananyolewa huko kila anapokwenda, mwanangu, sasa hivi angekuwa hana hata ngozi ya kichwa."

Aristila hakucheka. Alimgeuza mtoto upande wa pili wa kifua. Alikuwa mtu wa kunyamaza tangu alipoolewa, na tangu mwaka juzi alikuwa amezidi.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kwetu mtoto hazaliwi mara moja. Mama humzaa, hiyo nusu. Nusu ya pili ni siku ya saba, baba anapomwokota sakafuni akakimbia naye kuyazunguka meko mbele ya ndugu, ili Hestia, mungu mwenye meko, amjue kwamba ni wa nyumba ile. Ni baba tu awezaye. Si mama, si bibi, hata kama bibi ndiye aliyeibeba nyumba hiyo mgongoni miaka yote. Jua likizama baba hajamwinua, mtoto si wa mtu. Na mtoto asiye wa mtu hutiwa kwenye chungu, akawekwa njia panda au nyuma ya ukuta wa mji, amwokote atakayepita, kama yuko atakayepita.

Timareti aliyajua mambo ya vyungu. Mumewe Kefisi alikuwa mfinyanzi, akaondoka na merikebu za vita kwenda Sisilia, hakurudi yeye wala habari yake. Timareti akabaki na mtoto wa kiume, tanuri na rundo la udongo. Shemeji akawa anawasha tanuri na kuchoma vyungu, yeye akavipeleka sokoni akakaa navyo. Majirani wakamwambia mwanamke wa heshima hakai sokoni. Akawajibu kwamba amejaribu kuipika hiyo heshima, haiivi. Akamlea Eupolemo kwa vyungu, akamwoza kwa vyungu, na kijana akatoka na mkono wa babake kabisa, mkono ambao udongo unautii wenyewe. Bila shaka nyumbani kwao chakula walilia kwenye magae kama wafinyanzi wote duniani, ila walikula.

Halafu wakapata mjukuu wa kiume, wakampa jina la babu, Kefisi. Mwaka juzi, alipoanza kutamka maneno mawili matatu, homa ikamchukua. Wakamzika. Timareti akasema katika nyumba hii jina lile lisitajwe tena, tusije tukakaa tunalia mpaka tufe na sisi. Halikutajwa. Na baada ya mwezi hivi Eupolemo alipita kwa kinyozi, karibu na wauza manukato, akamkuta Diofane.

Huyu Diofane alikuwa mtu wa miguu mitupu na shuka moja, kiangazi na baridi, na ndevu ambazo hazijaguswa ingawa alishinda kwa kinyozi toka asubuhi mpaka jioni. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Akikukuta unasema fulani ni shujaa, anakuuliza ushujaa ni nini. Ukisema fulani ana hekima, anakuuliza hekima ni nini. Ukijibu, anakuuliza tena, kwa upole, huku akisema yeye ni mjinga umsaidie, mpaka unaondoka hujui hata mkono wako wa kulia ni upi. Wala hachukui malipo. Hilo ndilo lililomkera Timareti kuliko yote, maana mwizi unaweza kumshtaki, lakini mtu anayekuharibia mtoto bure utamfanya nini? Wahenga wanasema kuuliza si ujinga. Timareti alikuwa amefika mahali pa kutamani kuwafukua hao wahenga awaulize walikuwa wanamfikiria nani.

Nyumba ikageuka. Siku moja alimkuta Eupolemo gurudumu limesimama, udongo umemkaukia mpaka kwenye viwiko, ameduwaa.

"Mama," alisema, "chungu hiki kitavunjika."

"Kila chungu huvunjika. Ndiyo maana tunakula."

"Basi hiki si chungu hasa. Kinafanana tu na chungu. Chungu chenyewe hakivunjiki, hakizeeki, na macho hayakioni. Akili ndiyo inayokiona. Hivi vingine vyote ni vivuli vyake."

"Na hicho kinachemsha dengu?"

"Hakina haja ya dengu."

"Mimi ninayo."

Wakati wakijibizana hivyo moto wa tanuri ulikuwa umepanda peke yake bila mtu wa kuuangalia, na mzigo mzima wa vivuli ukapasuka. Siku ile Timareti alilia kwa hasira. Mwanawe akamfariji kwa kumwambia kwamba kilichopotea hakikuwa na uhalisi tangu mwanzo.

Aristila alipojifungua, Eupolemo hakuingia chumbani. Alisimama uani, akauliza kama wote wawili ni wazima, akaambiwa ndiyo, akaenda kwa kinyozi. Kutwa nzima, siku baada ya siku, huko huko. Jana yake jioni Timareti alimkalisha chini.

"Kesho unamwinua mtoto. Sivyo?"

"Nitamwinuaje, mama, kabla sijajua kwamba kumwinua ni kumtendea wema? Wema ni elimu. Mtu anayetenda bila kujua hatendi wema, anabahatisha."

"Mimi nilikuzaa nikibahatisha."

"Ndiyo, mama."

"Na sijapata kujuta, ila leo. Eupolemo, mwanangu, nisikilize. Ni mtoto mchanga. Amefunikwa nguo. Unainama, unamchukua, unakimbia. Mbuzi angekuwa na mikono angeweza."

"Mbuzi hajiulizi."

"Ndiyo maana mbuzi wana watoto."

Eupolemo akajifunika shuka lake akalala. Na alfajiri, kabla hata pweza hajatolewa kwenye ndoo, akawa ameshatoka.

Basi Timareti alimaliza kumpiga pweza, akamtia chunguni, akanawa mikono, akajitanda. Alipopita mlango wa chumba, Aristila akasema, "Mama, mlete." Hakuongeza neno. Mtoto alikuwa anapiga chafya, na kila chafya ilimshtua mwenyewe. Siku ya kumi angepewa jina, na jina la mtoto wa kike wa kwanza ni la bibi yake mzaa baba. Timareti alikuwa hajamwambia mtu kwamba alilitaka jambo hilo, kwamba kulikuwa na usingizi aliokosa kwa kulitaka. Akasema, "Nitamleta hata kwa sikio," akatoka.

Kwa kinyozi aliwakuta kama alivyotarajia. Kinyozi alikuwa na mkasi kwenye ndevu za mtu, Diofane kwenye benchi, Eupolemo sakafuni miguuni pake, na wengine watatu wanne wa hivi hivi wamesimama wakikunja nyuso.

"Salamu, mama wa Eupolemo," Diofane akasema, akasogea. "Kaa."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kumchukua mwanangu. Watu wanakuja, jua linapanda, na mtoto anamngoja."

"Mama yako ana haki," Diofane akamwambia Eupolemo. "Kuchelewa si vizuri."

Timareti akapumua, akadhani yamekwisha. Hakumjua yule mtu.

"Ila nisaidie kidogo, mama, kichwa changu kizito. Kwa nini amwinue?"

"Kwa sababu ndiyo desturi."

"Na kufuata desturi ni vyema?"

"Ni vyema. Unataka nini tena?"

"Sitaki kitu. Baba ambaye hakumtaka mtoto, akamtia chunguni akampeleka njia panda, huyo amevunja desturi?"

Timareti akatafuta namna ya kuruka hapo, hakuiona. "Hajavunja. Inaruhusiwa."

"Basi naye amefanya vyema."

"Nani kasema?"

"Wewe, mama. Sasa hivi."

Mwenye ndevu pale kitini akacheka chini chini. Kinyozi akamwambia atulie asije akakatwa.

"Huyo amefanya vibaya," Timareti akasema, "na anajua amefanya vibaya. Ndiyo maana huenda kabla hapajapambazuka, asionekane na watu."

"Anajua? Mtu ajue kabisa kwamba hiki ni kibaya na kile ni kizuri, kisha achague kibaya? Mimi nadhani angekuwa anajua asingefanya. Nadhani hajui, ila anadhani tu. Lakini labda nakosea. Wewe unauza vyungu, unawaona watu. Akija mtu kununua chungu cha mdomo mpana, hasemi cha kupikia nini, hakutazami usoni, wewe huwa unajua ni cha nini?"

"Najua."

"Na unamuuzia?"

 Timareti alikumbuka mwanamke mmoja wa majira ya baridi yaliyopita, amejitanda mpaka puani, aliyekigonga chungu kwa kidole asikie kama kina ufa. Kwa nini alijali ufa, Timareti hakuelewa mpaka leo. Alimfungia kile chungu kwa nyasi, akampa. Na Diofane hakuwa akimsuta. Macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli, na hasira za Timareti zikapanda mpaka masikioni, maana mtu anayekusuta unajua pa kumtukania.

"Unaona, mama?" Eupolemo akasema kutoka sakafuni, kwa huruma kabisa. "Si jambo rahisi."

Angekuwa na mwiko mkononi pale pangekuwa na msiba. Hakuwa nao. Akasimama akivuta pumzi, akijiambia kwamba kwa maneno hatawaweza watu hawa, hata angekuja na ukoo mzima. Maneno ndiyo shamba lao. Akamtazama Diofane vizuri, akauona ugoko wake ulivyokonda na mbavu chini ya shuka.

"Diofane, umekula?"

"Leo?"

"Leo, jana, siku yoyote. Nyumbani kuna pweza, kuna ngisi, kuna jibini inachomwa. Karibu kwenye siku ya mtoto."

Diofane alikuwa ameshasimama kabla Timareti hajafika kwenye jibini. Na Diofane akisimama, Eupolemo naye husimama. Ndivyo alivyompata mwanawe, kama mtu anavyompata kondoo kwa kumvuta mbuzi. Njia nzima wanaume wawili walimfuata nyuma wakibishana kama mwenye njaa anajua kwamba ana njaa au anadhani tu. Timareti hakugeuka. Alikuwa akihesabu kuta za watu ili asiwasikie.

Ndugu walikuwa wamefika. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wamekaa ukutani wakinusa chungu, na Thrasillo amesimama, maana Thrasillo hakai mahali kabla ya ibada. Huyu alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Eupolemo. Nyumba ingekosa mtoto, tanuri lingekuja kuwa la Thrasillo na wanawe, na watu walilisema hilo pembeni. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na mtu wa utaratibu hana haja ya kuwa mbaya.

"Mama mkubwa, salamu. Mambo yatafanyika au hayatafanyika?" akauliza. "Nauliza kwa sababu kama hayatafanyika, ni vizuri tujue mapema, tusije tukala chakula cha mtoto asiyekuwepo."

"Yuko chumbani ananyonya. Nenda kamwambie hayupo."

"Mimi nasema desturi tu."

"Leo kila mtu ananiambia desturi. Kaa, Thrasillo, unaniziba mwanga."

Aristila akatoka. Alikuwa amechana nywele, amejifunga vizuri, na uso wake ulikuwa hauna damu. Akamlaza mtoto sakafuni karibu na meko, akaifungua nguo kama inavyotakiwa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo. Mtoto akarusha mikono. Watu wote wakamtazama Eupolemo.

Eupolemo akasogea hatua moja, akasimama.  Kisha, na hili wazee wale walilisimulia baadaye na hawakuaminiwa, akageuka upande wa benchi, ambako Diofane alikuwa ameshaanza kula.

"Mwalimu," akasema, "tukikubaliana kwamba kilicho chema ni kile ambacho—"

"Eupolemo." Timareti hakupaza sauti, na ndiyo maana hata Diofane aliacha kutafuna. "Naapa kwa Demeta na bintiye, ukiuliza swali moja zaidi katika nyumba hii nitakupiga mwiko mbele za watu hawa, uwe na ndevu usiwe na ndevu. Mimi nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nimekusikiliza wema ni nini, nimekusikiliza hekima ni nini, nimekusikiliza mpaka chungu si chungu na mimi si mimi. Mtoto yuko chini, uchi, na sakafu ni baridi. Unamwinua au humwinui?"

"Sijui, mama."

"Hujui nini?"

"Yule mwingine nilijua."

 Aristila aliinua macho.

"Kefisi," Eupolemo akasema. Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kusikika mle ndani tangu mazishi, na midomo yake ililitamka kwa shida. "Nilipomwinua Kefisi sikuuliza kitu. Nilikimbia naye mpaka nikaangusha kigoda, mkacheka wote. Sikuwa na swali hata moja. Nilijua ni wangu. Nilijua ni jambo jema. Nilijua yeye ndiye atakayenizika, si mimi kumzika yeye. Nilijua yote hayo, jinsi ninavyojua sasa kwamba nimesimama hapa. Sasa mniambie nilichokuwa najua kilikuwa ni nini. Maana kama ile ilikuwa ndiyo kujua, mimi sitaki tena kuinama pale kabla sijapata kitu kingine chenye nguvu kuliko hicho."

 Hasira haikumtoka Timareti; ilimgeukia tu ndani.

"Sasa si ungesema?" akasema. "Muda wote huu, mwanangu. Umetuzungusha na vyungu visivyoonekana, umepasua mzigo mzima wa tanuri, umekaa kwa kinyozi kama mtu asiye na kwao, kumbe ni hilo. Si ungesema tu, baba? Ingekugharimu nini?"

"Ulisema lisitajwe, mama."

Ni kweli alisema. Alisema kwa kudhani anawasaidia. Timareti akashika ukingo wa meza, akasikia uchungu wa yule mtoto ukimjia wote kwa pamoja, mzima, kana kwamba ulikuwa umekaa nje ya mlango ukingoja kuitwa.

Aristila ndiye aliyesema, kutoka kwenye nguzo, kwa sauti ile ile isiyo na nguvu. "Na mimi nilimjua, Eupolemo. Nilimjua kabla yako. Huyu nimembeba tumboni na kumzaa nikiyajua hayo yote unayoyasema. Hakuna aliyenipa elimu nyingine. Ana baridi. Mwinue."

Eupolemo akainama. Ilikuwa kama kuinama kwa mtu mzee, kipande kwa kipande. Akatia mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya makalio, kwa mikono ile ambayo udongo unaitii, akainuka na mtoto. Wazee wakapumua. Kisha akaanza kuyazunguka meko.

Lakini hakukimbia. Alitembea. Miguu ilikataa mbio, kila mtu aliiona inavyokataa. Akaweka unyayo mmoja, akahakikisha umeshika, ndipo akaweka wa pili, macho hayatoki kwenye uso wa mtoto. Wazee wangeweza kumaliza sahani ya ngisi kabla hajafika upande wa pili. Akapita nyuma ya meko, akatokeza, akafika alipoanzia.

"Hakukimbia," Thrasillo akasema.

"Thrasillo," Timareti akaanza.

"Mama mkubwa, usinikasirikie. Mimi pia naona uchungu, yule mtoto nilimzika pamoja nanyi. Lakini baba anatakiwa akimbie. Ndiyo ibada. Ndugu wa ukoo wataniuliza, je, alikimbia? Nitaapa mbele ya madhabahu kwamba alikimbia?"

"Basi akimbie tena," mzee mmoja akasema.

"Hairudiwi. Ibada ya Hestia ukiikosea huirudii siku hiyo hiyo, na kesho si siku ya saba."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, maana ni kweli hairudiwi. Aristila alikuwa amekiweka kiganja mdomoni.

"Alikimbia," Timareti akasema. "Mimi nimemwona."

"Mama mkubwa, ushahidi wa mwanamke hauchukuliwi. Unalijua hilo." Thrasillo akageuka, na uso wake ukapata nafuu kidogo, kama mtu aliyeona njia ya kuutua mzigo. "Lakini tunaye mtu hapa. Si wa ukoo, hana faida wala hasara. Na mji mzima unajua, hata wasiompenda wanakiri, kwamba hajapata kudai kujua kitu asichokijua. Aseme yeye. Atakalosema nitaliapia. Diofane, umeona nini? Mtu huyu alikimbia?"

Diofane alikuwa na mafuta mpaka kwenye ndevu. Akameza. Akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akakaa vizuri, akafungua mdomo, na Timareti akaliona lile swali linakuja. Alikwishalijua umbo lake. Kukimbia ni nini, Thrasillo? Hebu nisaidie, mimi ni mjinga. Mwiko ulikuwa mbali, upande wa pili wa chungu, na hata angeufikia usingefaa kitu.  Kwa hiyo ndivyo mtoto huyu atakavyokwenda, akawaza, kwa swali.

Diofane hakumtazama Thrasillo. Alimtazama Eupolemo, ambaye hakuwa amesikia neno lolote la mabishano yale. Alikuwa amepapita alipoanzia na anaendelea kuzunguka, polepole, akimwambia mtoto kitu ambacho hakikusikika. Kisha akamtazama Aristila pale kwenye nguzo. 

"Alikimbia," akasema.

"Unadhani, au unajua?" Thrasillo akamuuliza, kwa maana naye alishapita kwa kinyozi siku zake.

"Najua. Alikimbia kwa nguvu zake zote."

Neno hilo, najua, hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake, na sidhani kama lilisikika tena. Thrasillo alimwangalia kwa muda, akainamisha kichwa, akasema basi atapeleka hivyo kwa ndugu wa ukoo, mtoto ni wa nyumba hii. Ndipo akakaa. Mzee mmoja akaomba asogezewe sahani, na Aristila akateleza kwenye ile nguzo mpaka chini, akakaa sakafuni miguu imenyooka mbele yake.

Timareti akataka kusema kitu kikali, alikuwa na mengi ya kuchagua. Alitaka kumuuliza yule mtu, kama alikuwa anaweza kujibu, kwa nini hakujibu tangu asubuhi, akamwacha aaibike mbele ya kinyozi.  Lakini mwanawe akampita karibu, mtoto mikononi, anazunguka tena, na hakuna aliyemzuia. Timareti akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu, maana machozi yalikuwa yanamshuka na hakutaka mtu yeyote katika nyumba ile amuulize machozi ni nini.